LESENI NI AHADI: SHERIA ZA POMBE NA USALAMA WA NYUMBA ZETU

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri)



Naishukuru Halmashauri ya Chama kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu leo. Niliagizwa nizungumze juu ya sheria za leseni za pombe, na huenda baadhi yenu mlipoisoma ajenda mlijiuliza: Chama cha ustawi, ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kusaidia wagonjwa na kulipia yatima karo, kina shughuli gani na leseni za baa?

Jibu limo katika daftari la mweka hazina wetu. Fungueni kurasa za michango ya mazishi. Sababu ya kifo haiandikwi pale, maana heshima ya marehemu yatukataza. Lakini sisi tuliobeba majeneza twazijua sababu. Huyu aligongwa na gari usiku akitoka kilabuni. Huyu ini lake liliharibika, naye akaisha kidogo kidogo mbele ya macho yetu. Huyu alikunywa jioni akiwa mzima, kesho yake akaamka haoni, na kabla ya jua kutua alikuwa maiti. Fedha ambazo zingalisomesha watoto wetu zimenunua mbao na misumari. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, jambo hili ni letu, wala hatuwezi kuwaachia wanasheria peke yao.

Katika mazungumzo yetu nimesikia maoni mawili yakishindana. Wako wasemao pombe yote ipigwe marufuku, mitungi ivunjwe, baa zifungwe, na wauzaji watiwe gerezani. Wako wengine wasemao kila mtu mzima ajitawale, na Serikali isiingie katika glasi ya mtu. Nawaheshimu wote, kwa maana wa kwanza husema kwa uchungu wa waliofiwa, na wa pili husema kwa kukumbuka jinsi askari walivyowaonea wazazi wetu. Lakini naona ya kwamba pande zote mbili zimesahau maana ya neno leseni. Leseni si risiti ya kodi, wala si zawadi. Leseni ni ahadi. Mwenye kuuza aahidi kwamba kinywaji chake si sumu, kwamba hatamwuzia mtoto, kwamba atafunga kwa saa yake. Mwenye kutoa leseni naye awaahidi wananchi kwamba ahadi ile itaangaliwa. Mahali ahadi hii ilipovunjwa, watu wamekufa. Na mahali isipokuwapo kabisa, wamekufa zaidi.

Ili tuelewe vema, yatupasa kwanza kutazama nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Baraza la Manispaa ya Nairobi lilifungua kilabu chake cha pombe katika Pumwani. Mpango wenyewe uliigwa kutoka Afrika ya Kusini, katika mji wa Durban, ambako manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kuwapikia Waafrika pombe na kuwauzia. Mama aliyepika pombe nyumbani kwake alikamatwa, na chungu chake kikamwagwa. Lakini Manispaa ilipopika pombe ya namna ile ile, ilihesabiwa kuwa ni utaratibu mwema. Faida ilisemwa kuwa ni ya kugharimia huduma za Waafrika wenyewe. Tazameni mtego uliokuwamo: kadiri watu walivyokunywa zaidi, ndivyo mfuko wa ustawi wao ulivyojaa. Mlinzi wa afya yao akawa ndiye muuzaji wao. Sheria za wakati ule zilikuwa na ubaguzi wa rangi pia, kwa maana Mwafrika alikatazwa vinywaji vikali ambavyo Mzungu alikunywa bila kuulizwa, na katazo hilo halikuondolewa ila katika miaka ya 1950. Kwa sababu hiyo watu wengi walijifunza kuiona sheria ya pombe kuwa ni fimbo ya mtawala, wala si ngao ya raia. Mazoea hayo hayajatutoka hata leo.

Baada ya Uhuru, sheria ya leseni ya zamani iliendelea kutumika kwa bia na vinywaji vya chupa. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya pombe za kienyeji, yaani busaa, muratina, mnazi na nyinginezo, nazo zikaweza kuuzwa katika vilabu vyenye leseni. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu hivyo vilifungwa kwa amri, na mwaka 1980 Bunge likatunga sheria maalumu ya kuipiga marufuku chang'aa. Tangu hapo kuitengeneza, kuiuza, hata kukutwa nayo, kulikuwa kosa.

Je, chang'aa ilikwisha? Ninyi nyote mwajua jibu. Haikukoma, bali ilihama. Iliondoka kilabuni palipokuwa na jina mlangoni, ikaenda kando ya mto Mathare, ikaingia katika vyumba vya nyuma na vichochoro visivyo na taa. Ilipokuwa kosa kuiuza, muuzaji hakuwa na sababu ya kuitunza iwe safi, maana adhabu ilikuwa ile ile kwa pombe safi na kwa pombe chafu. Aliyetaka kuendelea alihitaji kumlipa mtu fulani ili afumbe macho. Na aliyelipwa ili afumbe macho hawezi tena kuangalia kilichomo ndani ya pipa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tulificha maradhi yetu kwa miaka thelathini.

Kifo kilituumbua mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya Mukuru, hapa hapa Nairobi. Watu walikunywa pombe ya bei rahisi iliyokuwa imetiwa methanoli. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa siku chache, na wengine wengi wakabaki vipofu. Mwaka 2005 msiba kama huo ukatokea katika sehemu za Machakos. Mwezi wa Mei 2014 ukarudi tena, safari hii katika Embu, Kiambu, Murang'a, Kitui na Makueni, na makumi ya watu wakafa. Tena mwezi wa Februari 2024 ukapiga katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga.

Naomba mniruhusu nieleze kidogo juu ya methanoli, kwa sababu ujuzi huu waweza kuokoa mtu wa nyumba yako. Kileo kilichomo katika bia na pombe za kawaida chaitwa ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa viwandani, atumikaye katika rangi, gundi na dawa za kuyeyushia vitu. Kwa macho ni kama maji. Kwa harufu na ladha mnywaji hawezi kuitofautisha. Pombe ya nafaka ikipikwa kwa njia ya kawaida, methanoli yake huwa ni kidogo sana. Vifo vya watu wengi kwa pamoja kwa kawaida hutokea mtu anapoimimina makusudi methanoli ya kiwandani ili pombe iwe kali kwa gharama ndogo. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo huuharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na kuichafua damu. Vijiko viwili vidogo tu vyaweza kumpofusha mtu, na kiasi kisichojaza kikombe kidogo cha kahawa chaweza kumwua.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba haifanyi haraka. Mtu hulewa kama kawaida, akalala. Pengine saa kumi na mbili hupita, pengine siku nzima, akidhani ana uchovu wa pombe tu. Kisha huumwa kichwa na tumbo, hutapika, na macho yake huona ukungu mweupe. Mtu huyo asilazwe nyumbani kwa aibu, wala asipewe maziwa na kufunikwa blanketi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na madaktari waambiwe waziwazi alichokunywa na wakati alipokunywa. Dawa ya kuizuia sumu hii ipo, na mashine ya kusafishia damu ipo, lakini hazimfai aliyechelewa. Walio kunywa pamoja naye nao waende, hata kama hawajisikii wagonjwa. Mwanachama wetu mmoja kijana, fundi mwashi wa mikono myepesi, leo huongozwa njiani na binti yake wa miaka tisa kwa sababu sisi majirani tulidhani amelewa tu, tukamwacha alale.

Baada ya misiba ile ya kwanza, Bunge lilitunga Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipa jina la Sheria ya Mututho, kwa jina la Mheshimiwa John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha na aliyeuleta mswada wake. Sheria hii ilifuta ile marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, pamoja na sheria ya zamani ya leseni. Ilisema chang'aa yaweza kutengenezwa na kuuzwa, ila kwa leseni, kwa kipimo, na katika chupa yenye maandishi. Iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, siku za mwisho wa juma na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Ilikataza kumwuzia mtu asiyefikisha miaka 18. Ilikataza baa kuwa karibu na shule kwa umbali usiofika mita 300. Tena iliwataka watoao leseni watazame kwanza idadi ya baa zilizopo mahali pale na idadi ya watu.

Hiyo ni sheria nzuri, nami naisifu. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliweka kazi ya leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013, na Nairobi ikapata sheria yake mwaka 2014. Nia ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na watu wanaoathirika. Basi mbona twaendelea kuzika?

Naona kuna sababu tatu, nami nitazieleza kwa ufupi.

Sababu ya kwanza ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa pombe za kienyeji ulikuwa mwembamba mno. Mjane apikaye busaa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi ili alipe karo, hana uwezo wa kununua mitambo, chupa na vibandiko kama kiwanda. Sheria ilimwambia, "Njoo nuruni," lakini ikamtoza nauli asiyoweza kuilipa. Akabaki gizani pamoja na mwuza sumu, na askari huwakamata wote wawili kana kwamba ni kitu kimoja. Ilhali viwanda fulani vyenye fedha vilipata vibandiko na chupa, na katika msiba wa 2014 sehemu ya sumu ilikutwa ndani ya chupa zenye maandishi mazuri. Twajifunza ya kuwa chupa na kibandiko si ahadi, ikiwa hapana mtu anayepima kilichomo.

Sababu ya pili ni bei. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya bia ilianza kuuza bia ya pipa iitwayo Senator, iliyokusudiwa kuwavuta watu wa kipato kidogo kutoka kwenye vinywaji vya hatari. Na Serikali, kwa sababu hiyo, ikaisamehe ushuru. Mwaka 2013 nusu ya msamaha ule iliondolewa, bei ikapanda ghafula, na mauzo ya bia ile yakaanguka sana. Wanywaji hawakugeuka kuwa watawa. Mwaka uliofuata ndio ule wa msiba wa Mei, na ingawa siwezi kusema kwamba bei peke yake iliwaua watu wale, mwenye akili ataona ya kuwa mtu aliyefungiwa mlango wa bia hutafuta dirisha. Mwaka 2015 Serikali ililegeza tena ushuru ule. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba ushuru ni chombo chenye nguvu katika kupunguza ulevi, nami nakubali. Lakini chombo hicho chataka mkono wa fundi: kileo kikali kitozwe zaidi kwa kadiri ya ukali wake, bei ipande kwa hatua, na wakati huo huo sumu isakwe kwa bidii. Kupandisha bei ya kinywaji kilichopimwa na kukiacha kisichopimwa kiuzwe vichochoroni ni sawa na kuwaelekeza maskini penye hatari.

Sababu ya tatu yanihusu mimi, nami nitaisema ijapokuwa yaniaibisha.

Mwajua ya kwamba kazi yangu ni ukarani. Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa kazi ya kuandaa orodha ya waombaji wa leseni. Sheria yataka orodha hiyo itangazwe, pamoja na mahali na siku ya mkutano, ili mtu yeyote mwenye pingamizi aje aseme. Nililipiga chapa tangazo, nikalipeleka kubandikwa. Lilibandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hufunikwa. Lilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Siku ya mkutano ilipofika, hapakuja mwananchi hata mmoja. Majina yalisomwa, fedha zikahesabiwa, na kabla ya chakula cha mchana maombi yote yalikuwa yamekubaliwa. Mmoja wa wazee wa halmashauri ile alisema kwa furaha, "Wananchi hawana malalamiko."

Katika orodha ile palikuwa na baa moja iliyokuwa ng'ambo tu ya barabara ya shule anayosoma mtoto wangu. Nililiandika jina lake kwa mkono wangu. Nilijua umbali ule haufiki mita 300. Ningeweza kuupima kwa hatua zangu. Nilikuwa raia mwenye haki ya kupinga, kama mtu mwingine yeyote. Nilinyamaza, maana niliogopa wakubwa wangu, na nikajiambia kwamba kazi ya karani ni kuandika, si kusema. Leo mtoto wangu akitoka shuleni hupita mbele ya watu wazima waliolala mtaroni. Sina wa kumlaumu kabla sijajilaumu mwenyewe.

Basi nisingependa mtu adhani ya kuwa hatari ya pombe ni sumu ya methanoli tu, na kwamba kinywaji kikiwa safi hakina neno. La. Kifo cha sumu chatushtua kwa sababu huja kwa kishindo. Lakini pombe halali iliyozidi huua polepole, bila gazeti kuandika. Huharibu ini. Wanasayansi wamekwisha kuthibitisha tangu mwaka 1988 kwamba kileo huleta saratani, na miongoni mwa saratani hizo ni ile ya umio, ambayo ndugu zetu wa magharibi ya nchi waijua kwa machozi. Mama mja mzito akinywa, mtoto tumboni hunywa pamoja naye. Madereva na wapanda pikipiki hujua, au hawajui tena, kilichowapata barabarani. Na kabla ya kifo kuna mshahara ulioishia kaunta, kuna mke aliyepigwa, kuna mtoto arudishwaye nyumbani kwa kukosa karo.

Lakini lipo jambo la kututia moyo. Uchunguzi wa taifa uliofanywa na NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni mtu 1 tu katika kila 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 aliyekuwa mnywaji wa vileo. Maana yake, watu wengi wa nchi hii hawanywi. Sheria ya leseni si vita vya wachache dhidi ya walio wengi; ni ulinzi ambao wengi wangeuunga mkono kama wangeitwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa mapendekezo haya, ili Chama, kikiyakubali, kiyapeleke mbele ya wawakilishi wetu wa kaunti na wa Bunge.

Kwanza, tangazo la maombi ya leseni liandikwe kwa Kiswahili, na libandikwe sokoni, kwenye zahanati, katika nyumba za ibada, kwa chifu, na hasa kwenye lango la kila shule iliyo karibu. Tangazo lisilosomeka lihesabiwe kuwa halikutolewa.

Pili, kila mtaa uwekewe idadi ya baa isiyoweza kupitwa. Sheria ya 2010 imetaka idadi izingatiwe. Sasa izingatiwe kwa tarakimu, wala si kwa maneno. Baa kumi zikipangana mlango kwa mlango hushindana kwa bei na kwa saa, na mshindi huwa ni yule anayevunja sheria zaidi.

Tatu, pombe za kienyeji zisizo kali zipewe leseni yao ndogo. Wapishi waungane katika vikundi, wawe na jiko moja safi lenye maji na sakafu ya saruji, sampuli ichukuliwe na kupimwa, na ada iwe ile ambayo mama wa kawaida aweza kuilipa. Mtu akishapata cha kupoteza, atakilinda.

Nne, methanoli yenyewe ifuatwe tangu bandarini hadi kwa fundi anayeitumia. Iandikwe pipa kwa pipa, itiwe rangi na uchungu ambao hauwezi kunyweka. Ni rahisi zaidi kulinda maghala machache kuliko kulinda vichochoro elfu.

Tano, fedha za leseni zisiwe chambo. Tumeona jinsi Manispaa ya zamani ilivyonaswa kwa faida ya Pumwani. Sehemu maalumu ya fedha hizo itengwe kwa ukaguzi na matibabu, na wale wanaoamua leseni wasiwe wale wanaoulizwa mwisho wa mwaka wamekusanya shilingi ngapi.

Sita, muuzaji anayemwuzia mtoto apoteze leseni yake, wala asitozwe faini ndogo ya kumrudisha kaunta kesho yake. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitoa sera iliyopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Silipingi pendekezo hilo. Nasema tu kwamba kaunta isiyouliza umri wa miaka 18 haitauliza wa 21. Tusiongeze tarakimu kabla hatujaongeza macho.

Hayo ni ya Serikali. Sasa nageukia nyumba yetu wenyewe, maana hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole wakati mikono yetu imelala.

Napendekeza Chama kiteue kamati ya watu watatu, na mmoja wao awe mama, ambayo kazi yake itakuwa kuyatafuta matangazo ya leseni, hata yakiwa nyuma ya mlango, na kuyasoma mbele ya wanachama. Barua ya pingamizi si kazi ngumu. Hamhitaji maneno makali. Andikeni jina la mahali, taja shule iliyo karibu, pimeni umbali kwa kamba mbele ya mashahidi na kuandika kipimo, taja baa nyingine zilizopo, kisha tieni sahihi. Halafu mwende mkutanoni kwa miguu yenu wenyewe. Barua moja yenye vipimo hushinda manung'uniko ya mwaka mzima.

Napendekeza pia kwamba mlevi miongoni mwetu ahesabiwe kuwa mgonjwa, wala asiwe kichekesho. Mfuko wetu wa wagonjwa umfae kama unavyomfaa mwenye kifua kikuu. NACADA ina simu ya msaada isiyolipiwa, namba 1192. Nami nawaonya jambo moja: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asilazimishwe kuacha ghafula nyumbani, kwa maana aweza kushikwa na kifafa na kufa. Apelekwe kwa daktari, aache akiwa chini ya uangalizi.

Mwisho, tutazame desturi zetu. Mara nyingi tumekusanya michango ya mazishi, na kabla ya kaburi kukauka sehemu ya mchango imekunywewa na waombolezaji. Tukimaliza jambo hilo moja, tutakuwa na haki ya kusema mbele ya Kaunti.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuwahukumu wanywaji, wala kuwatetea wauzaji. Nimekuja kuwakumbusha ahadi. Sheria ya zamani ilitufundisha kuogopa. Marufuku ilitufundisha kujificha. Nayo sheria ya sasa, pamoja na kasoro zake, inatupa jambo ambalo baba zetu wa Pumwani hawakupewa, yaani nafasi ya kufika na kusema hapana, na neno letu likaandikwa. Nafasi hiyo mimi niliiacha ipite nikiwa na kalamu mkononi.

Leseni ya baa ile iliyo mbele ya shule itaombwa upya mwakani, kwa maana leseni hutolewa kwa mwaka. Nimekwisha kupima umbali: ni mita 84. Barua ninayo mfukoni, na jina langu limo. Naiweka mezani kwako, Bwana Mwenyekiti, nami nawaomba wanachama watakaopenda waje mbele, kabla ya chai, watie sahihi zao chini ya yangu.